Wa Nne kati ya Wangapi

Kashinje alifariki Jumanne asubuhi akiwa anavaa viatu. Cha kushoto kilikuwa mguuni, cha kulia mkononi, na chai aliyomiminiwa na mkewe ilikuwa bado inafuka mvuke. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Hapakuwa na ugonjwa wa kusimulia. Watu waliofika kumpa pole mkewe, Kristiana, hawakuamini, kwa maana Jumatatu jioni tu walikuwa wamemwona kwenye uwanja wa kituo akizungusha kamba, huku wazee wawili wenye magongo wakibishana nani aruke kwanza.

Kituo chenyewe ni cha utengamao, kipo Mazwi, mjini Sumbawanga. Huletwa pale watu walioanguka kiharusi, walioangushwa na bodaboda, na watoto ambao viungo vyao vimegoma. Shedrack ananyoosha viungo. Cornelia ni muuguzi. Kashinje alikuwa anacheza nao. Ndivyo watu wa mtaani walivyosema, na ingawa kwenye cheti chake imeandikwa tiba kwa michezo, yeye mwenyewe hakuwasahihisha. Akiulizwa anafanya kazi gani, alijibu kwamba anacheza, na mshahara anapewa.

Coleta alikuwa msaidizi wake kwa miaka saba. Jumatano mchana mkuu wa kituo alimwita, akamwambia kwamba familia ya marehemu imeomba kituo kiandike historia yake fupi, ile ya kusomwa kabla ya maziko, na kwamba wote wamekubaliana aandike yeye, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na kanisani amezoea kusoma masomo. Coleta akaitikia. Alikwenda kwenye chumba cha michezo, akafunga mlango, akakaa kwenye mkeka kati ya mipira, akaanza kuandika.

Alianza na sehemu zilizokuwa nyepesi. Elimu, kazi, ndoa, watoto wawili aliowaacha. Mstari wa kwanza aliuacha wazi, maana kila anayezikwa nchi hii husomewa kwanza mstari huo: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa ngapi kati ya watoto wangapi. Hakuuacha kwa sababu hajui. Alijua. Kashinje alimwambia kwa mdomo wake kwamba ni wa tatu kati ya watano, sawa kabisa na yeye. Alitaka tu kuhakikisha na Kristiana, lakini Kristiana alikuwa ametangulia na mwili kwenda Mtowisa, bondeni, na simu yake haikupatikana.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, gari la kituo lilipokuwa linaacha baridi ya mjini na kuelekea kwenye mteremko wa kushukia bondeni, Coleta akawauliza wenzake, kwa kutimiza wajibu tu.

Shedrack alisema Kashinje alikuwa mziwanda.

Cornelia akamgeukia. Akasema mziwanda wapi, yule alikuwa kifungua mimba, yeye mwenyewe ni kifungua mimba na ndiyo maana walielewana, wote wawili wamekulia kubeba watoto wa wenzao mgongoni.

"Kwani alikwambia lini?" Shedrack akauliza.

"Mwaka ule mdogo wangu alipofukuzwa chuo. Nililia pale dispensari, akaja akakaa, akaniambia sisi wa kwanza ndivyo tulivyo, tunalipia makosa ya watu sita."

"Mimi aliniambia mziwanda. Alisema sisi wa mwisho tunavaa nguo zilizochakaa na tunaambiwa tumedekezwa."

Cornelia akamtazama Coleta. "Na wewe, shoga, alikupa namba gani?"

Coleta akasema wa tatu. Wale wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka kulia. Gari likaanza kushuka kwenye kona, joto la bonde likapanda kuwapokea, na Cornelia akavua sweta.

"Basi ametudanganya wote," akasema Cornelia bila hasira.

Coleta alitazama dirishani. Alikuwa na sababu ya kuumia kuliko wao, na hakutaka kuisema garini.

Sababu yenyewe ni hii. Miaka saba iliyopita, Coleta alipokuwa na miezi minne tu kituoni, aliandika barua ya kuacha kazi. Baba yake, mkulima wa mahindi na ulezi huko juu kwenye uwanda, alikuwa anawaambia wanajumuiya kwamba binti yake ni muuguzi. Hakuweza kusema kwamba Coleta, aliyemaliza kidato cha nne, analipwa kwa kuwarushia mipira watu wazima. Dada yake wa kwanza alikuwa mtawa, kaka yake wa pili mwalimu, na wadogo zake wawili kila mmoja alikuwa na njia yake. Yeye alikuwa wa katikati, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyewahi kukaa chini kufikiria Coleta atakuwa nani. Alitaka kwenda kusomea uuguzi, angalau baba yake aache kudanganya.

Kashinje aliisoma ile barua kwenye benchi la nje. Akauliza, "Wewe wa ngapi kwenu?"

"Wa tatu kati ya watano."

"Hata mimi. Sasa nikwambie kitu. Mtoto wa katikati amezoea kukaa pembeni wenzake wakicheza. Anajua nani bado hajapewa mpira. Hilo hawalifundishi chuoni, na mimi nimelitafuta kwa wasaidizi watatu kabla yako, sikulipata."

Akaikunja ile barua, akaitia kwenye mfuko wa shati, na hakuirudisha kamwe. Coleta akabaki. Alisomea kazi hiyo polepole, kwa likizo na kwa mafunzo ya miezi mitatu mitatu. Siku moja baba yake akamleta jirani aliyepooza mkono, akamwambia, huyu hapa binti yangu, anajua. Maisha yake yote ya kazi yalisimama juu ya lile neno la benchini, kwamba wa tatu amemtambua wa tatu mwenzake. Sasa lile neno lilikuwa limepewa kila mtu kama pipi.

Jambo la kumuuliza mtu nafasi yake kwao lenyewe halikuwa siri. Kila mgonjwa mpya aliulizwa. Coleta alikuwa ameliona likifanya kazi mara nyingi, ila hakuwahi kusimama upande wa anayefanyiwa.

Alimkumbuka Mzee Ignasi, mwalimu mkuu mstaafu, kifungua mimba wa watoto tisa, aliyeletwa na kiharusi kilichochukua mkono wa kulia. Mzee Ignasi alikataa kushika mpira. Alisema hajasoma miaka yote hiyo ili aje kuchezeshwa kama mtoto wa chekechea. Kashinje hakumbembeleza. Alikwenda akakaa chini karibu na kiti chake, akapanga vizibo vya soda kwenye ubao wa drafti, akaanza kucheza peke yake, vibaya sana. Mzee alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akamuuliza nani alimfundisha upuuzi huo. Kashinje akasema hakufundishwa na mtu, yeye mziwanda, kwao wakubwa walimaliza maarifa yote wakamwachia makombo. Mzee akamwamuru asogeze ubao. Miezi minne alimfundisha drafti, akimkaripia na kumtwanga kichwani na kizibo. Mwanzoni alitumia mkono wa kushoto. Baadaye, akisahau kwa hasira, alitumia ule wa kulia.

Kwa Salome ilikuwa kinyume. Salome alikuwa mwanamke wa miaka hamsini aliyevunjika nyonga, mziwanda wa kwao, na alikuwa amelala akitazama ukuta akingoja kufanyiwa kila kitu. Kashinje akawa kaka mkubwa. Alimtuma. Mdogo wangu, niletee ile kamba. Mdogo wangu, mbona umechelewa. Salome alimchukia wiki nzima, lakini alikuwa anainuka.

Mtu mzima aweze kujishusha hadi akaripiwe kwa vizibo, na kesho yake apande juu atoe amri, na wote wawili wapone na wasijue. Coleta alikuwa amefanya kazi na madaktari, alikuwa amewaona wataalamu wakija kutoka mbali na kompyuta zao. Hakuwahi kuona mwingine wa namna hiyo. Lakini kumheshimu kwa ajili ya mkono wa Mzee Ignasi ni jambo moja, na kugundua kwamba na wewe ulikuwa kwenye orodha yake ni jingine.

Walipita Muze, wakafika Mtowisa saa nne. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na zizi la ng'ombe, na watu walikuwa wengi, wenyeji wa bondeni na Wasukuma waliotoka vijiji vya jirani kwa baiskeli na pikipiki. Basi dogo lililobeba wagonjwa wa zamani wa kituo lilikuwa limeshafika. Mzee Ignasi alikuwa amekaa mstari wa mbele, tai shingoni kwenye lile joto, na Salome pembeni yake akijipepea na kanga. Kristiana alikuwa ndani na wanawake, na hakuwa mtu wa kuulizwa chochote.

Msemaji wa familia alikuwa Masanja, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu. Coleta alimsalimu, akampa karatasi, akamwomba ajaze ule mstari. Masanja akasoma akifuata kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Andika wa nne. Wa nne kati ya watoto sita."

Coleta akaandika. Ilimuuma, ila aliandika.

"Saba," ikasema sauti nyuma yao.

Alikuwa mama wa marehemu, Bibi Kabula, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa ametoka ndani kuchukua maji. Alisema hilo neno bila kusimama, akaendelea na safari yake ya mtungini. Masanja aliinamisha macho. Coleta aliona shingo ya yule mtu mkubwa ikilegea kama ya mtoto aliyekamatwa na kitu cha watu.

"Tulifundishwa kusema sita," akasema Masanja. "Mdomo umezoea."

Akamvuta Coleta kando ya zizi, akamweleza kwa sauti ya chini, huku macho yake yakirudi kila mara kwa mzee mmoja aliyekaa peke yake kwenye kiti cha kamba. Huyo alikuwa baba yao, Mzee Ngasa. Watoto walikuwa saba. Aliyemfuata Kashinje ni Mboje, msichana aliyepata homa akiwa mchanga, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yake. Mzee Ngasa alikuwa mgeni hapa bondeni miaka ile, ametoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wake, anatafuta kuheshimiwa na wenyeji. Akaona aibu. Kwa balozi wa nyumba kumi aliandikisha sita. Kwa mwalimu, sita. Kwa mwinjilisti, sita. Wageni wakija, Mboje aliingizwa kwenye ghala la mpunga. Na kwa kuwa kwao kila mtoto alikuwa na wajibu wa kumlea yule anayemfuata, Kashinje aliingizwa ghalani pamoja naye ili asilie. Wenzake walikwenda machungani, yeye alibaki.

"Sasa, dada," Masanja akamalizia, "leo watu wote hawa wamekaa hapa. Ukisoma saba, kila mmoja atamgeukia mzee. Anamzika mtoto wake leo. Soma sita. Mboje hatakasirika, amezoea."

"Nani kasema nimezoea?"

Alikuwa amefika bila wao kusikia, juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Mboje alikuwa fundi cherehani Muze, na watu wa huko wanamjua kwa mashati ya kanisani. Mabega yake yalikuwa mapana kama ya mwanamume mbeba magunia. Alikuwa na macho ya Kashinje, yaleyale ya mtu anayesubiri ukosee ili mcheke pamoja.

Masanja akasema ana kazi ya kuangalia kaburi, akaondoka.

Mboje hakuzungumza juu ya hesabu kwanza. Alimuuliza Coleta kama ni yeye aliyefanya kazi na kaka yake chumba kimoja. Coleta akasema ndiyo, na ghafla, kwa sababu alikuwa hajamwambia mtu mwingine, akamwambia yote: benchi, barua, wa tatu kati ya watano. Akasema amegundua leo kwamba hata yeye alikuwa mgonjwa wa Kashinje, na hakujua.

Mboje alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimulia mambo ya ghalani. Humo mlikuwa na giza na vumbi la mpunga, na hakuna mchezo unaochezeka na mtu asiyesimama. Kashinje alikuwa na miaka saba. Siku moja akalala chini akasema, leo mimi ndiye mdogo wako, nimezaliwa sasa hivi, nibebe. Akaanza kulia kama kichanga. Mboje akaogopa kwamba wageni watasikia, akamfuata kwa viwiko, akamvuta, akampakata, akamlisha mchele mbichi. Siku iliyofuata mtoto alizaliwa upande wa pili wa ghala, mbali zaidi. Siku nyingine alikuwa mkubwa wao wote, ametoka Shinyanga na viboko, anadai apewe maji. Kila siku alizaliwa mahali pengine, na kila siku Mboje ilibidi atambae kumfikia.

"Haya mabega unayoyaona," akasema, "ni ya kumbeba yule mjinga."

Coleta akacheka, machozi yakamtoka.

"Mimi sikuwa mgonjwa wake. Nilikuwa mdogo wake," Mboje akasema. "Na wewe hukuwa mgonjwa. Alipokuwa anakuja hapa alikuwa anakutaja. Alisema amepata mtu wa kumwachia kile chumba cha michezo. Hakusema wa ngapi."

Kisha akasema la mwisho, taratibu. "Lakini karatasi ni karatasi. Nataka saba. Sitaki lisimuliwe ghala wala aibu ya mtu. Nataka tu kusikia saba ikisomwa na watu wapo, na jina langu usilikimbize."

Akazungusha mikono yake, akaenda zake kwa wanawake.

Ilikuwa saa sita. Maziko yalikuwa saa nane. Coleta alisimama kando ya zizi na karatasi yenye sita. Kuikata ile namba na kuweka saba ilikuwa kazi ya sekunde moja, lakini yeye alikuwa mgeni, Mfipa wa juu, amekuja kwenye kilio cha watu, na angemvua nguo mwenye nyumba mbele ya majirani siku ya kumzika mwanawe. Kuiacha, angemrudisha Mboje ghalani kwa mwandiko wake mzuri. Alifikiri kumwita mwinjilisti aamue. Alifikiri kumpa Shedrack asome yeye. Mwishowe alijiuliza Kashinje angeanzia wapi, na jibu likaja haraka kuliko alivyotaka.

Alikwenda hadi kwenye kile kiti cha kamba, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Ngasa hakumtazama. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee na mikono ilishika fimbo kama ng'ombe wangeweza kutoka wakati wowote.

Coleta alimpa pole, akajieleza kwamba ndiye aliyepewa kusoma historia. Kisha akauliza, "Baba, wewe wa ngapi kwenu?"

Swali lilimshtua mzee. Pengine hakuna aliyemuuliza hilo kwa miaka arobaini. "Wa kwanza," akasema. "Nilikuwa wa kwanza kwa mama yangu. Walionifuata nimewazika wote."

"Mimi ni mziwanda," Coleta akasema.

Cornelia, aliyekuwa anapita na sahani, akasimama. Alimjua Coleta na familia yake yote, alimjua hata kitinda mimba wao halisi. Alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea na sahani zake.

"Mziwanda, baba, na ndiyo shida yangu. Kwetu mimi nilikuwa wa kuhesabiwa tu, sikuwahi kuhesabu wenzangu. Nimepewa karatasi na nimechanganyikiwa. Nikikosea mbele ya watu nitaaibika. Nisaidie. Nihesabie taratibu, mimi naandika."

Mzee Ngasa alimgeukia kwa mara ya kwanza. Alikaa vizuri kwenye kiti. Kwa sauti iliyopata nguvu ya mtu aliyeombwa kazi anayoiweza, akasema watoto wa siku hizi hawajui kitu, akamwambia ashike kalamu sawasawa. Akaanza na kidole gumba.

"Masanja."

"Masanja," Coleta akaandika.

"Limbu. Huyo yuko Tabora, amekuja jana. Sayi." Vidole vitatu vilikuwa vimekunjwa. Cha nne alikishika kwa mkono wa pili, akakaa nacho. "Kashinje."

Coleta aliandika. Hakuinua uso. Kazini alikuwa amefundishwa jambo moja gumu kuliko yote, kwamba mkono wa mgonjwa ukiwa njiani hewani, hata ukitetemeka, usiuguse. Usimsaidie. Usimwambie jitahidi. Subiri tu, na uonekane kama una muda wote wa dunia. Ng'ombe mmoja alilia zizini. Chini ya turubai walikuwa wanaanza wimbo mwingine. Kidole kidogo cha mzee kilikuwa kimesimama peke yake, kinatetemeka, na yeye alikuwa anakitazama kama kitu alichokipoteza shambani zamani.

"Andika Mboje," akasema.

"Mboje," Coleta akarudia, akiandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Nisomee."

"Mboje."

Akahamia mkono wa pili, akataja Holo, akataja Malongo. Akavitazama vidole saba vilivyokunjwa. "Saba," akasema. Kisha, kama mwalimu anayemaliza somo, "Umejua sasa kuhesabu?"

"Nimejua, baba. Asante."

"Basi kasome. Na usome kwa sauti, upande huu sisikii vizuri."

Coleta aliinuka magoti yakimuuma. Kumbe hakuwa ameshikwa na aibu hata kidogo ya kusema uongo. Alikuwa amechoka, uchovu ule mwema wa baada ya zoezi, na aliufahamu, kwa kuwa ndio uliokuwa ukimrudisha kazini kila Jumatatu kwa miaka saba.

Saa nane kasoro mwinjilisti alimwita mbele. Jeneza lilikuwa kwenye meza, Kristiana ameshikwa na wanawake wawili. Mboje alikuwa ameegesha baiskeli yake mwisho wa mstari wa familia. Mzee Ngasa aliinua fimbo yake, akamwonyesha mahali palipo wazi karibu na kiti chake, na watu wakasogeza viti ili apite. Masanja alitazama chini, akatazama juu, kisha akaenda mwenyewe kusukuma.

Coleta akasoma. "Marehemu Kashinje Ngasa alizaliwa mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Ngasa na Bibi Kabula. Watoto hao ni Masanja, Limbu, Sayi, Kashinje mwenyewe," akapumua, "Mboje, Holo na Malongo."

Mnong'ono ulipita chini ya turubai, lakini haukuelekea kwa mzee. Ulitoka upande wa wagonjwa wa Sumbawanga. Mtu alisema, wa nne? Salome aliweka kanga mdomoni. Mzee Ignasi akamgeukia, na kwa sauti aliyodhani ni ya chini akasema kwamba haiwezekani, yule kijana alikuwa mziwanda, yeye amemfundisha drafti miezi minne kwa sababu hiyo tu, kumbe kijana alikuwa anaijua.

"Mimi alikuwa kaka yangu mkubwa," Salome akamjibu. "Amenituma kamba mpaka nikatembea."

Mboje alisikia. Alianza kucheka, bila sauti kwanza, mabega yale mapana yakitikisika, kisha kicheko kikamtoka waziwazi mbele ya jeneza. Baba yake akamuuliza wanasema nini, na yeye akainama kwenye sikio linalosikia kumweleza. Coleta alisubiri mpaka wamalize. Halafu akageuza karatasi, akaendelea na elimu ya marehemu.